Barua aliyoibeba mwenyewe: uchambuzi wa kisa kimoja cha kipigo ndani ya ndoa

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kata moja inayolima mpunga mkoani Mbeya, baada ya 2020. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na ndiye niliyempokea mama huyu siku ya kwanza. Majina niliyotumia si yao. Umri, idadi ya mali na baadhi ya siku nimevibadilisha kidogo, na sitataja kijiji, ofisi wala kituo cha afya. Mwenyewe alisomewa andiko hili lote na akakubali litumike kufundishia. Aliomba jambo moja tu, nisimwandike kama mnyonge. Simwandiki hivyo, kwa sababu hakuwa mnyonge.

Naandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, wenyeviti wa vijiji na wazee wanaokaa kwenye mabaraza. Kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, ukiacha la yule aliyeinua mkono, tulilifanya sisi. Tulilifanya kwa mazoea, na najua ofisi nyingi bado zina mazoea yaleyale.

## Hali ilivyokuwa

Mama Tumaini alikuwa na miaka 31 alipofika kwetu. Aliolewa akiwa na 19, kwa ndoa ya kimila, mahari ng'ombe sita. Wanne walitolewa, wawili wakabaki deni. Kati ya wale wanne, wawili baba yake aliwatoa tena kumlipia kaka yake mahari. Mgeni wa mambo ya kwetu anaweza kuipita sentensi hiyo haraka. Naomba asiipite, maana ng'ombe hao wawili ndio waliomrudisha kwa mumewe mara tatu.

Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Tumaini, mvulana wa miaka 11, anafuatiwa na wadogo zake wawili wa kike. Mumewe alikuwa na miaka 38, amemaliza darasa la saba, mkulima, na kiangazi anaendesha bodaboda. Shamba lao lilikuwa ekari mbili na nusu, walilinunua wakiwa ndani ya ndoa kwa mpunga walioulima wote wawili. Karatasi ya mauziano ina jina la mume peke yake.

Kofi la kwanza Mama Tumaini alilipata mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, kisa ugali umechelewa. Miaka minane ya mwanzo ilikuwa mara moja, mara mbili kwa mwaka, naye alishajizoesha kuiita "hasira zake". Halafu akajiunga na kikoba cha akina mama wa kitongoji, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwaka wa kwanza alikopa shilingi 200,000, akanunua mpunga wakati wa mavuno, wakati kila mtu ana haraka ya hela na bei iko chini. Akauhifadhi kwenye stoo ya jirani hadi Februari, bei ilipopanda akaukoboa na kuuza mchele. Faida ikanunua mbuzi watatu. Msimu uliofuata akaezeka jiko kwa bati.

Bati lile kila aliyepita njiani aliliona. Na kipigo, kilichokuwa cha mara mbili kwa mwaka, kikaanza kuja kila baada ya miezi miwili.

## Mambo yalivyofuatana

Kabla ya kutufikia sisi, alikuwa ameshakwenda kila mahali ambapo mwanamke wa kijijini anaambiwa aende.

Alianza kwa mama mkwe. Akaambiwa, "Hata mimi nilipigwa, mwanangu, na nyumba haikuvunjika." Akarudi kwao. Baba yake akamsikiliza vizuri, akamlaza siku nne, akamrudisha mwenyewe kwa baiskeli. Njiani hakusema mengi, ila alisema kama mkwe akidai ng'ombe wake, mke wa kaka yako ataondoka.

Kikaitwa kikao cha ukoo, mara mbili. Mara ya kwanza wazee walisema wagombanao ndio wapatanao. Mara ya pili walimkuta ana jicho limevimba, wakaona wamchukulie mume hatua. Wakamtoza faini ya mbuzi mmoja, achinjwe siku hiyohiyo aliwe na wazee. Mbuzi aliyechinjwa alitoka kwenye wale watatu wa Mama Tumaini, kwa kuwa ndio mbuzi waliokuwa bandani. Na aliyewapikia wazee supu ni yeye. "Nilikoroga sufuria kwa mkono wa kushoto," alinieleza, "wa kulia ulikuwa haukunjiki."

Baada ya hapo akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye aliwaita wote wawili na kuwaandikisha makubaliano. Karatasi hiyo nimeishika mkononi. Ina muhuri, ina sahihi za mashahidi wawili, na ina masharti mawili tu: mume hatarudia kumpiga mke, na mke hatarudia kumjibu mume. Mwenyekiti yule ni mtu mwema na hadi leo tunashirikiana naye. Lakini aliyapima kipigo na jibu kwa mizani moja, akagonga muhuri.

Alifika ofisini kwetu mwezi Juni, mavuno yakiendelea. Hakusema amepigwa. Alisema mume hatoi hela ya matumizi na Tumaini anadaiwa michango ya shule. Nikaandika kwenye rejista: *madai ya matunzo*. Akarudi wiki ya pili kuuliza limefikia wapi. Aliporudi mara ya tatu kulikuwa na joto, akajisahau akateremsha kanga begani, nikaona. Nikamuuliza, "Dada, hii ni nini?" Akasema alianguka na ndoo. Nikanyamaza. Baada ya muda akasema, "Wewe unajua."

Hapo ndipo tulipokosea. Nilimwandikia mumewe barua ya wito: afike ofisini Jumatatu saa tatu asubuhi kwa ajili ya usuluhishi wa shauri lililofunguliwa na mkewe. Nikaipiga muhuri, nikaikunja, nikampa Mama Tumaini ampelekee.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Ofisi haina pikipiki, haina mhudumu, na anayelalamika ndiye anayeishi na anayelalamikiwa. Sikumuuliza atampa saa ngapi, nani atakuwepo, wala kama anaogopa.

Akaificha kwenye debe la unga siku mbili. Siku ya tatu, Jumamosi jioni, akampa. Mume aliisoma mara mbili, akaikunja vilevile ilivyokuwa, akala chakula chake akamaliza. Kisha akafunga mlango. Alimpiga kwa ubapa wa panga, naye akaukinga mkono wa kushoto juu ya kichwa. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiungo cha kiganja. Tumaini alitoka kwa dirisha la jikoni akakimbilia kwa jirani, yule mwenye stoo ya mpunga.

Jirani akampakia Mama Tumaini kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Mapokezi wakadai kwanza PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati kituo cha polisi kiko zaidi ya kilomita 20 na ni usiku. Mwongozo wa matibabu ya waliofanyiwa ukatili uko wazi kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Afisa tabibu wa zamu aliujua. Alimwingiza ndani, akamtuliza maumivu, akafunga mkono kwa mbao, na akaandika kila alama aliyoiona mwilini, mpya na ya zamani, na mahali ilipo. Maelezo yale ya nusu ukurasa ndiyo yaliyobeba kesi baadaye. Asubuhi alipelekwa hospitali ya wilaya, akapigwa picha, akafungwa hogo.

Nilipata habari Jumapili mchana. Jumatatu saa tatu, muda ule wa wito, mume alifika ofisini. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, barua yangu mkononi, akasema, "Nimeitikia wito. Mwenzangu yuko wapi?"

## Tulichoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza tuliloamua siku ile lilikuwa kutokaa tena kwenye usuluhishi. Usuluhishi unafaa pale ambapo watu wawili wanaweza kusema wanachotaka bila mmoja kuhofia jioni itakuwaje. Hapa haikuwezekana. Mwenzangu mmoja ofisini alipinga, akasema tukimkimbizia polisi tutakuwa tumevunja nyumba. Hoja hiyo haina ubaya wa moyo, na wanaoisema ni wengi. Nilimwonyesha picha ya mkono. Tukakubaliana kwamba kazi ya kwanza ni mama huyu awe hai, na mengine yatafuata.

Tukamwambia mume, kwa utulivu, kwamba shauri limehamishiwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Hatukumwambia mkewe yuko wapi.

La pili lilikuwa malazi. Wilaya yetu haikuwa na nyumba salama. Kwa baba yake hakukuwa mahali salama pia, kwa sababu ya wale ng'ombe. Tulimuuliza yeye mwenyewe, akamtaja mama yake mdogo, mjane anayeishi kata nyingine, ambaye hakula mahari yake wala hadaiwi na mtu. Naona hili ndilo swali bora tulilouliza katika shauri zima: nani katika ndugu zako hana deni na mumeo?

La tatu lilikuwa hela. Mzunguko wa kikoba ulikuwa unakaribia kuvunjwa, na mgao wake wa mwaka ulikuwa unajulikana. Mume alikwenda kwa mwenyekiti wa kikoba kudai akabidhiwe yeye, kwa kuwa "mke ametoroka". Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kina mama wale walimjibu kwamba hisa ni za mwenye kitabu, na kitabu kimo ndani ya sanduku. Wakahamisha siku ya kikao na mahali pa kukutania bila kutangaza. Hakuna mtu aliyewafundisha hayo.

La nne lilihusu kesi. Askari wa kike wa dawati alimchukua maelezo kwenye chumba cha peke yake, bila kumkatiza. Mume alikamatwa, akapata dhamana baada ya siku tatu. Wiki iliyofuata ukoo wake ulifika kwa mama mdogo na maneno ya kuomba radhi, na siku mbili baadaye baba yake Mama Tumaini naye akafika. Mama Tumaini akanipigia simu, sauti imekauka: "Dada, nataka kuifuta."

Hatukumlazimisha kuendelea, na hatukumharakisha kufuta. Nilimwomba asubiri siku saba, na katika siku hizo tukae naye tuandike jambo moja kwenye daftari.

## Daftari

Lilikuwa daftari la kaunta la kawaida. Tuliandika kila kipigo alichokikumbuka ndani ya miaka miwili iliyopita. Tarehe hakuwa nazo, nani huweka tarehe za mambo hayo? Lakini alikumbuka kwa matukio: siku ya pili baada ya Idi, wiki ya mitihani ya Tumaini, siku ng'ombe wa jirani alipozaa, jioni ya mnada. Tukipata tukio tunalitafutia tarehe. Tukafika vipigo 14.

Pembeni ya kila kimoja tukaandika nini kilitokea siku tatu kabla. Mume, wazee, mwenyekiti wa kijiji, hata yeye mwenyewe, wote walikuwa na jibu moja juu ya chanzo: pombe. Basi tukaanza na pombe. Katika vipigo 14, vinne mume hakuwa amekunywa kabisa, na cha mkono uliovunjika kilikuwa kimojawapo. Na upande wa pili, mume alikunywa karibu kila jioni kwa miaka miwili. Jioni mia kadhaa za pombe, vipigo 14.

Tukaangalia hela. Vipigo tisa viliangukia ndani ya siku tatu za kikao cha kikoba, za mkopo kutoka, au za yeye kuuza mchele. Vitatu vilifuata safari ya kwao au ombi la hela ya matibabu ya mtoto. Viwili hatukuvipatia maelezo.

Alikaa akiiangalia ile karatasi muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Akasema Tumaini alikuwa anajua. Kikoba chao kilikaa Alhamisi, na kila Alhamisi akirudi alikuwa halioni panga. Alidhani linaazimwa. Kumbe mtoto, akitoka shule, alikuwa analichukua panga na mchi wa kinu, anavificha nyuma ya magunia ya pumba, na Ijumaa asubuhi anavirudisha. Ile Jumamosi haikuwa siku ya kikoba, ndiyo maana panga lilikuwa mahali pake.

Mtoto wa miaka 11 alikuwa ameshalichambua jambo ambalo ukoo, kijiji na ofisi yenye rejista hatukuliona. Kesi haikufutwa.

## Matokeo

Mume alikiri kosa la shambulio la kudhuru mwili mbele ya mahakama ya mwanzo. Alipewa kifungo cha nje cha miezi sita na kuamriwa kulipa fidia ya shilingi 300,000. Amelipa nusu.

Mama Tumaini aliomba talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ni pale mahakama ikiridhika kwamba kuna hali isiyo ya kawaida. Baraza lilikubali kumsikiliza kila mmoja siku yake, likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwenye mgawanyo wa mali, mume alisimama na karatasi yake ya mauziano yenye jina moja. Lakini tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, na huyu alikuwa amepanda na kuvuna pia. Alipata ekari moja. Nilitamani apate zaidi. Ekari moja ile iko katikati ya shamba la mume, ikabidi aikodishe kwa mtu mwingine kwa sababu kwenda kuilima ni kumfuata aliyemvunja mkono.

Watoto wote wako naye. Amepanga vyumba viwili karibu na mama mdogo, anauza mchele, yuko kikoba kingine. Mkono haunyooki wote. Kaka yake hajaachwa na mkewe, na wale ng'ombe hakuna aliyekuja kuwadai. Kitisho kile kilichomrudisha mara tatu hakikutimia. Tumaini aliendelea kuficha panga kila Alhamisi kwa miezi kadhaa katika nyumba ambayo haina mwanamume.

## Kwa nini kisa hiki hakionekani kwenye hesabu

Ukifungua rejista yetu ya mwaka ule, Mama Tumaini yumo kama dai la matunzo. Laiti asingeteremsha kanga, angebaki dai la matunzo. Nilirudi nyuma nikapitia madai ya matunzo ya miezi sita, nikawapigia simu niliowapata, na wengi wao walikuwa na maneno ya kuongeza.

Linganisha na namna watafiti wanavyouliza. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Wa 2022 ulikuta asilimia 27. Ni punguzo la kutia moyo, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2005 ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 hapa kwetu Mbeya walifanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenzi wao. Hawakupata majibu hayo kwa kuuliza "Una tatizo gani?" Walimkalisha mwanamke peke yake, wakauliza kitendo kimoja kimoja. Amewahi kukusukuma? Kukupiga kofi? Kukukaba? Kukutishia kwa silaha? Mwanamke anayesema hajawahi kufanyiwa ukatili anaweza kujibu ndiyo mara tatu kwa maswali hayo, kwa sababu kofi kwake halina jina hilo.

Na jina hilo limekosekana kwa sababu tumelinyima. Katika utafiti uleule wa 2015/16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mke. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Wanawake wengi kuliko wanaume! Mama mkwe yule hakuwa katili. Alikuwa anatoa ushauri aliopewa yeye, na uliomfanya yeye avumilie. Wakati huohuo, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kimeandikwa tangu 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Katika vikao vyote alivyopita Mama Tumaini kabla ya kesi, kikiwemo cha kijiji, hakuna aliyekitaja.

## Chanzo, kwa maoni yangu

Mume aliniambia sababu yake mwenyewe, siku ile ya shati jeupe, bila kuulizwa. Alisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Alisema mkewe siku hizi anahesabu hela mbele yake, na watu wanamuuliza njiani, "Bati lile ni la kwako au la mama?" Hakutaja pombe.

Sisemi pombe haina neno. Inaongeza ukali, inamaliza hela ya chakula, na usiku wa pombe ni wa hatari. Lakini mtu aliyelewa njiani hakumpiga mwenyekiti wa kijiji wala mwenye duka anayemdai. Alisubiri hadi nyumbani. Na aliyevunja mkono alikula kwanza, akamaliza, akafunga mlango. Huo ni uamuzi. Tukiiita pombe, tunamshauri aache kunywa na kumwacha mke arudi kwenye nyumba ambayo Alhamisi iko palepale.

Umaskini nao unatajwa sana. Katika kisa hiki kipigo kiliongezeka nyumba ilipoanza kupata. Hilo linawahusu sana wanaoendesha miradi ya kuwawezesha wanawake. Sisemi waache. Kikoba kilimwokoa mama huyu kuliko sisi. Ila mkopo unaoingia kwenye nyumba ambamo mume ameaminishwa kwamba hela ya mke ni aibu yake unabeba hatari, na mtu lazima amuulize mwanamke mapema: ukifika nyumbani na hela hii, itakuwaje?

Nyuma ya mume kuna mahari iliyotafsiriwa kuwa bei, kuna shamba lenye jina moja, kuna baba wa mume aliyempiga mama wa mume mbele ya watoto. Hakuna kimojawapo kilichoinua panga. Lakini kila kimoja kilifunga mlango mmoja ambao mwanamke angetokea.

## Tulipokosea, na kilichosaidia

Kuhusu barua nimeshasema. Nitaongeza tu kwamba wakati wa hatari zaidi kwa mwanamke anayepigwa ni pale anapochukua hatua ya kutoka au kushtaki, maana ndipo mume anapoona mamlaka yake yanaponyoka. Barua yangu ilimtangazia hilo rasmi, kwa muhuri, na ikamfanya mkewe awe peke yake wa kuilipia. Sasa wito wa shauri lolote la wanandoa unapelekwa na mtendaji au mgambo, au kwa simu kutoka ofisini, na hautoki kabla hatujajua mwanamke atalala wapi siku hiyo. Mashauri yenye kipigo hayapewi wito wa usuluhishi kabisa. Rejista tumeiongezea maswali ya vitendo, na tunayauliza kwa kila anayekuja kwa matunzo, mlango ukiwa umefungwa.

Kosa la pili lilikuwa la kila baraza alilopita: kuanza upya. Ukoo haukuwaambia kijiji kwamba wameshakaa mara mbili. Kijiji hakikutuletea karatasi yake. Kila tulipokaa tulisikiliza ugomvi mmoja, wa wiki ile, wenye sababu yake ndogo. Ugomvi mmoja una pande mbili. Vipigo 14 vilivyopangwa kwa tarehe vina upande mmoja.

Sheria nayo ilituacha njiani. Kenya tangu 2015 na Uganda tangu 2010 zina sheria mahsusi ya ukatili wa nyumbani, inayompa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi hata kabla ya kesi ya jinai kuisha. Sisi tulikuwa na Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ndoa na dhamana. Kati ya dhamana na hukumu, ulinzi wa Mama Tumaini ulikuwa mama mdogo na mbwa wake.

Waliosaidia ni wachache na naweza kuwataja kwa kazi zao: afisa tabibu aliyetibu kwanza na kuandika vizuri, askari wa dawati aliyesikiliza, wanawake 26 wenye sanduku la kufuli tatu, jirani aliyefungua mlango usiku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza, "Ulimfanya nini?"

## Kilichobaki wazi

Nusu ya fidia haijalipwa na kifungo cha nje kimeisha. Mume ameoa tena. Mkewe mpya ana miaka 22, ni binti wa kijiji cha jirani, na mwezi uliopita alijiunga na kikoba kilekile, siku ileile ya Alhamisi. Hatuna shauri lake, na hatuna haki ya kumfuata nyumbani kwa jambo ambalo hajalisema. Mwenyekiti wa kikoba anaijua namba yetu ya simu. Amekubali, siku yoyote binti huyo akihitaji kutufikia, atampa simu yake mwenyewe atumie palepale kikaoni, na hatampa karatasi yoyote ya kubeba nyumbani.